Kufyonza vumbi la mbao karakanani: mashine ipi, bomba lipi, na waya wa ethi upite wapi

Anayetaka kufunga mfumo wa kufyonza vumbi nyumbani huwa na maswali matatu, na mara nyingi huyashika kwa mkia. Huanza na hofu ya umeme tuli: bomba la PVC si litalipuka? Kisha hutafuta aina ya bomba. Mashine yenyewe huikumbuka mwisho. Hapa tunaanza na mashine, kwa sababu ndiyo inayoamua upana wa bomba, na bomba likishajulikana, suala la ethi, yaani waya unaopeleka chaji ya umeme ardhini, hubaki dogo kuliko linavyoonekana.

Kabla ya kulinganisha chochote, tenganisha takataka mbili. Maranda na pumba hudondoka zenyewe. Ukishindwa kuzifyonza, ufagio utazimaliza. Vumbi laini, la chini ya mikroni 10, huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na sehemu yake ndogo kabisa hufika ndani ya mapafu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani mwaka 1995. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 2 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa vumbi la mbao ngumu kazini, tangu 2023. Kwa hiyo sakafu safi haithibitishi kitu. Mashine yenye mfuko wa kitambaa chepesi inaweza kumaliza maranda yote chini huku ikipuliza vumbi laini juu ya kichwa chako.

Vakyumu, mashine ya mfuko au saikloni

Saikloni ni chombo chenye koni kinachozungusha hewa ili maranda yadondoke pipani kabla ya kufika kwenye chujio. Mashine ya hatua moja haina koni hiyo: kila kitu hupita kwenye feni na kuingia mfukoni.

| | Vakyumu na ndoo ya saikloni | Mashine ya hatua moja, yenye mfuko au chujio la mikunjo | Saikloni kamili |
|---|---|---|---|
| Hewa halisi inayopita | takribani 150–250 m³ kwa saa | takribani 600–1,000 m³ kwa saa | takribani 1,000–1,700 m³ kwa saa |
| Nguvu ya mvuto | kilopaskali 15–20 | kilopaskali 2–3 | kilopaskali 2.5–4 |
| Njia ya hewa | mpira wa mm 32–65 | bomba la mm 100–125 | bomba la mm 150 |
| Inafaa | mashine ya msasa ya mkononi, ruta (ya kuchonga kingo na mifereji), msumeno wa mkononi | msumeno wa meza, msumeno wa mkanda, mashine ya kuranda ndogo | mashine kadhaa kwenye bomba moja, kuranda mara kwa mara |
| Inaposhindwa | mashine ya kuranda | mpira mwembamba, bomba refu | chumba kifupi, pipa linalovuja |

Tazama mstari wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Vakyumu huvuta kwa nguvu kubwa lakini hewa kidogo, kama mtu anayenyonya kwa mrija. Mashine kubwa husukuma hewa nyingi, ila ikikutana na njia nyembamba huchoka mara moja. Ndiyo maana kosa la kawaida kuliko yote ni kufunga mpira wa mm 60 kwenye mashine ya mfuko ili kufyonza mashine ya msasa. Mota inanguruma na mfuko unanesa, lakini vumbi linabaki mezani. Kosa la upande wa pili ni kuunganisha vakyumu na mashine ya kuranda: mpira huziba kwa maranda ubao wa kwanza haujafika mwisho.

Usiamini namba ya mtiririko iliyoandikwa kwenye katoni. Kwa kawaida imepimwa bila bomba, bila mpira, pengine hata bila chujio. Ukitarajia nusu hadi theluthi mbili ya namba hiyo, hutashangaa.

Kwenye vakyumu, ndoo ya saikloni si pambo. Bila hiyo, chujio la vakyumu hufunikwa na unga wa msasa ndani ya muda mfupi na mvuto hushuka. Lakini ndoo yenyewe ina mtego. Kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 30, mpira ukiziba na vakyumu ikivuta kilopaskali 15, hubebeshwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo 100. Ndoo nyembamba ya lita 20 hujikunja kama karatasi. Tia ndoo mbili moja ndani ya nyingine, au toboa kwenye kifuniko tundu lenye kizibo cha springi kinachofunguka mvuto ukizidi.

Kwenye mashine ya hatua moja, uamuzi unaostahili fedha yako ni chujio, si kuongeza nguvu ya mota. Mfuko wa mikroni 30 unaokuja na mashine nyingi huzuia maranda tu. Ubadilishe na chujio la mikunjo la mikroni 1 au chini yake. Kuna faida ya pili: mikunjo huongeza eneo la chujio, kwa hiyo hewa hupita kwa urahisi zaidi kuliko kwenye mfuko. Lisafishe kwa hewa ya kompresa yenye mkandamizo mdogo, ukipuliza kutoka nje kwenda ndani. Ukilipiga kwa fimbo, au ukizungusha kwa fujo mkono wa kupangusia uliomo ndani, mikunjo huchanika kidogo kidogo na hutajua mpaka uone ungaunga juu ya rafu.

Kasoro nyingine ya hatua moja ni kwamba kila kitu hupita kwenye feni kabla ya kufika mfukoni: vipande vya mbao, skrubu, hata kipande cha kitambaa. Unaweza kuweka pipa la kutenganishia kabla ya feni. Litaokoa feni na chujio, lakini kila kitenganishi hula sehemu ya mvuto, na mashine ya kilopaskali 2 haina mvuto wa kugawa ovyo. Ikiwa bomba lako ni refu na mashine ni ndogo, acha.

Saikloni kamili huondoa tatizo hilo kwa kutupa karibu maranda yote pipani kabla ya feni, na chujio hubaki safi kwa miezi. Sharti lake ni moja na halina msamaha: pipa lisivuje hata kidogo. Hewa ikiingia kwa chini, hupanda katikati ya koni na kubeba vumbi moja kwa moja hadi kwenye chujio. Pipa likijaa hadi kufikia mdomo wa koni, matokeo ni yaleyale. Ukiona chujio la saikloni limejaa ndani ya siku chache, usimlaumu mtengenezaji. Washa mashine, funga mageti yote (vizuizi vya kufunga na kufungua njia za hewa kwenye bomba), kisha pitisha ukanda wa karatasi laini kuzunguka kifuniko cha pipa. Unaponyonywa, hapo ndipo pa kubadilisha mpira wa kuzibia.

Kwa karakana nyingi za mtu mmoja, chaguo letu si kimojawapo kati ya vitatu bali viwili: vakyumu yenye ndoo na chujio zuri kwa zana za mkononi, na mashine ya hatua moja ya hospawa 2 yenye chujio la mikroni 1 kwa mashine za kusimama. Saikloni kamili inajilipa pale tu unaporanda kila wiki.

Bomba: PVC, bati au mpira wa mikunjo

Kipenyo kwanza. Ili pumba zisilale njiani, hewa inahitaji mwendo wa takribani mita 18 kwa sekunde kwenye bomba lililolala na mita 20 kwenye lililosimama. Kwa mita 20, bomba la mm 100 hupitisha m³ 565 kwa saa, la mm 125 hupitisha 885, na la mm 150 hupitisha 1,270. Sasa chukua mashine yako. Ikiwa inatoa m³ 700 kwa saa kwa kweli, ukiifungia bomba la mm 150 mwendo unashuka hadi mita 11, na maranda yatatanda chini ya bomba. Ukiifungia la mm 100, mwendo ni karibu mita 25 na msuguano unakula mvuto wote ikiwa bomba ni refu. Maana yake mashine ya namna hiyo isogezwe karibu na kazi, bomba liwe fupi. Bomba kubwa halisaidii mashine ndogo, ingawa wengi hudhani kinyume.

PVC ya maji taka ndiyo rahisi kuliko zote. Inakatwa kwa msumeno wa mkono, viungo vyake havivuji, na ndani ni laini. Usigundishe kwa gundi. Sukuma viungo vikaze, weka skrubu fupi mbili, kisha paka silikoni kwa nje. Siku ya kuziba utafungua bila kukata. Tatizo lake ni vipimo. Bomba lenye kipenyo cha nje cha mm 110 halikai sawasawa kwenye mdomo wa mashine wa mm 100. Dawa yake ni kiungo cha mpira chenye klampu mbili, au kulainisha mwisho wa bomba kwa bunduki ya hewa moto na kulibana juu ya kalibu ya mbao. Usitumie moto wa wazi: PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, na hiyo hutaki kuivuta.

Bomba la bati lenye mshono unaozunguka kama wa skrubu ni gumu, halichoki, na linabeba ethi lenyewe bila waya wa ziada, mradi viungo viwe chuma kwa chuma. Ni ghali zaidi na kila badiliko linahitaji mkasi wa bati na ribiti. Angalia unene. Mabomba membamba ya mfumo wa hewa ya majumbani, ya karibu mm 0.3, yanaweza kubonyea mashine ikivuta huku mageti yote yamefungwa. Chukua mm 0.55 hadi 0.7.

Mpira wa mikunjo haupaswi kuwa bomba kuu. Msuguano wake ni karibu mara tatu ya bomba laini la urefu uleule. Uutumie kwenye mita moja au moja na nusu ya mwisho, kati ya bomba na mashine, na uukate ukae bila kulegea.

Kwa PVC na bati pia, mambo mawili huharibu kazi. Elbo kali ya nyuzi 90 badala ya mbili za 45 zenye kipande kilichonyooka katikati. Na tii badala ya kiungo cha Y kinachoelekea mashine. Halafu mwelekeo wa viungo: mwisho unaoingia ndani ya mwenzake uelekee kule hewa inakokwenda, kama mifereji ya bati paani. Ukigeuza, ukingo hukabili maranda, na nyuzi ndefu kutoka kwenye mashine ya kuranda hunasa hapo. Skrubu ndefu zinazochomoza ndani hufanya vivyo hivyo.

Ethi: nini kinazuiwa hasa

Pumba zikisugua ukuta wa plastiki huacha chaji. PVC haipitishi umeme, kwa hiyo chaji hubaki pale pale ilipowekwa. Haitembei kutafuta waya ulio sentimita 20 pembeni. Kwa maana halisi huwezi kuunganisha PVC na ardhi. Waya unachofanya ni kuondoa chaji iliyo jirani nao, kupunguza ule mshtuko unaokupiga kiwiko, na kuunganisha vipande vya chuma vilivyomo kwenye mfumo. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, tutalirudia.

Na mlipuko? Wingu la vumbi la mbao linahitaji kufikia takribani gramu 40 za vumbi laini kwa mita ya ujazo ndipo liwake. Kwenye mashine inayopitisha m³ 1,000 kwa saa, hiyo ni kilo 40 za unga laini kila saa, na maranda hayahesabiwi. Mashine ya msasa ya nyumbani haikaribii hapo. Cheche inayoruka kutoka kwenye uso wa plastiki nayo ina nishati ndogo, milijuli chache tu. Viwanda ni habari nyingine: kiwango cha NFPA 664 (NFPA ni shirika la Marekani la kukinga moto), ambacho sasa kimeingizwa ndani ya NFPA 660, kiliwekwa kwa majengo yanayozidi m² 465 au mifumo inayofyonza zaidi ya m³ 2,549 kwa saa.

Cheche ya kuangaliwa ni ya kipande cha chuma kisichounganishwa na chochote. Geti la chuma katikati ya PVC, klampu, au waya wa springi ndani ya mpira hukusanya chaji kutoka pande zote na kuitoa yote kwa mpigo mmoja. Chuma chenye uwezo wa pikofaradi 100 kikifika volti 20,000 hubeba milijuli 20, mara kadhaa ya ile ya plastiki. Kwa hiyo ukiwa na bomba la PVC na mageti ya chuma bila waya, una mpangilio mbaya kuliko wa PVC na mageti ya plastiki.

Sasa tulinganishe njia zenyewe.

Kuacha bila chochote kunawezekana ikiwa mfumo ni wa plastiki tupu, mfupi, na hewa ya mahali pako ina unyevu. Utapigwa mishtuko siku kavu, na mkono ukishtuka karibu na meno ya msumeno si jambo la mzaha. Ndiyo sababu kubwa ya kufunga waya nyumbani.

Waya wa shaba ulio wazi ukizungushwa nje ya bomba ndio tunaoupendelea kwa PVC. Unauona, unaukagua, hauzibi kitu. Kwa mita 10 za bomba la mm 110, mzunguko mmoja kila sentimita 25, utahitaji mita 17 hivi. Nunua 20 za mm² 1.5.

Waya ndani ya bomba uko karibu zaidi na chaji, na kwa karatasi unashinda. Kwa vitendo, maranda marefu huusuka, kuziba huanzia hapo, na ukikatika huwezi kujua. Usiufunge kwenye bomba linalotoka mashine ya kuranda.

Utepe wa alumini nje hufunika eneo kubwa na hupendeza macho, lakini gundi ya tepe nyingi haipitishi umeme. Vipande viwili vilivyopandana vinaweza kuwa havijaungana hata kidogo. Ukiutumia, kunja mwisho wa kila kipande ili chuma kiguse chuma, kisha kaza kwa skrubu.

Bati halihitaji kuzungushiwa chochote. Adui yake ni viungo: silikoni iliyoingia kati ya mabomba, rangi, na kiungo cha mpira kinachowekwa kati ya bomba na mashine ili kupunguza mtikisiko. Kila palipo na mpira, ruka kwa waya kutoka chuma hadi chuma.

Kufunga waya wa nje huenda hivi. Chomoa plagi. Kwangua rangi kwenye mwili wa mashine ya kufyonza mpaka chuma king'ae, funga kichwa cha pete cha waya kwa boliti na washa yenye meno. Zungusha kuelekea zana. Kwenye kila kiungo unachokifungua mara kwa mara acha kitanzi cha sentimita 10. Kila geti la chuma lipate skrubu yake na waya uzungushwe hapo bila kukatwa. Kwenye mpira, vua plastiki kutoka sentimita 5 hadi 8 za waya wa springi pande zote mbili, uukunje chini ya klampu uguse chuma. Mdomo wa zana ukiwa wa plastiki, klampu haitoshi: peleka kipande cha waya hadi kwenye mwili wa mashine. Malizia kwenye mwili wa msumeno wenyewe.

Pima kwa multimita plagi ikiwa bado nje: kutoka kwenye pini ya ethi hadi geti la mwisho usome omu chache, chini ya 10. Kwa umeme tuli hata chini ya megaomu 1 chaji huondoka, lakini waya wa shaba unaosoma zaidi ya 10 una kiungo kilicholegea. Usipime ukuta wa PVC; multimita haitakuambia chochote. Soketi ya ukutani ikaguliwe na fundi umeme, kwa sababu waya wote huu unaishia hapo, na soketi isiyo na ethi hai huugeuza kuwa waya mrefu unaoweza kubeba umeme wa mashine iliyoharibika hadi kwenye kila geti unaloshika.

Usiunganishe na bomba la gesi. Usiunganishe na nyutro. Usichimbie fimbo yako ya ardhini isiyounganishwa na ethi ya nyumba. Hitilafu ikitokea, fimbo mbili zinaweza kuwa na volti tofauti, na wewe ukasimama katikati. Vakyumu zenye kihami maradufu na plagi isiyotumia ethi hazina mahali pa kufunga waya, na usizifungue kupatafuta. Tafuta yenye mpira mweusi unaopitisha umeme na mdomo uliotengenezwa kuupokea.

Moto wa kweli kwenye karakana ndogo huanzia pipani. Meno ya msumeno hugonga msumari, kaa dogo huvutwa hadi kwenye maranda, hufukuta saa kadhaa na kuwaka mtu akiwa amelala. Kusaga chuma huku mashine ya mbao ikifyonza ni hivyo hivyo. Toa maranda jioni ukiwa umegonga chuma, yaweke nje kwenye chombo cha bati chenye kifuniko.

Baada ya mwezi wa kwanza, fungua kizibo cha mwisho wa bomba kuu utazame ndani. Ukikuta maranda yamelala, jaribu kufungua geti la pili unapofanya kazi na zana yenye mdomo mdogo: hewa inaongezeka kwenye bomba kuu na mwendo unapanda. Yakiendelea kulala hata hivyo, bomba ni pana kuliko mashine, na hakuna waya wala chujio litakalorekebisha hilo.